Selous: Bunduki aliyoijutia, aliyoipenda na ile iliyommaliza

Madereva wa malori wanaovuka mpaka pale Tunduma, wakashika njia ya Lusaka kuelekea Livingstone, wanaijua Monze. Ni mji wa kusini mwa Zambia ambao wengi wao wanaupita tu. Zaidi ya miaka 130 iliyopita, mtawala wa eneo hilo aliyeitwa Monze alipokea mgeni wa ajabu: Mzungu aliyechoka hoi, hana chakula, hana watu wake na, lililokuwa likimuuma kuliko yote, hana bunduki.

Mgeni huyo ni Frederick Courteney Selous. Ndiyo, ni yule yule ambaye Watanzania wametamka jina lake tangu darasani kwa sababu ya Pori la Akiba la Selous. Pori wanalijua, mwenye jina wengi hawamjui.

Alizaliwa London Desemba 31, 1851, mtoto wa kishua kabisa, baba yake akiwa mwenyekiti wa Soko la Hisa la jiji hilo. Alipelekwa Rugby, shule iliyoupa mchezo wa raga jina lake. Akiwa mwanafunzi, mwalimu alimkuta usiku amelala sakafuni bila godoro, na alipoulizwa alieleza kwamba anajizoeza, maana akikua atakuwa mwindaji Afrika. Januari 1867, akiwa na miaka 15, alikuwa miongoni mwa watu waliokuwa wakiteleza juu ya barafu kwenye ziwa la Regent's Park pale barafu ilipopasuka. Watu 40 walikufa. Dogo akajilaza juu ya vipande vya barafu na kutambaa hadi ukingoni.

Septemba 1871 alishuka melini Algoa Bay, Afrika Kusini, ana miaka 19, mfukoni pauni 400. Alikuja na bunduki nzuri ya mitutu miwili. Hakukaa nayo. Iliibiwa akiwa njiani kwenda machimbo ya almasi, hata tembo mmoja hajamwona. Yaani mchezaji ametua klabu mpya, viatu vimeibiwa kabla ya mazoezi ya kwanza.

Ilibidi atafute za bei rahisi. Akapata mbili, zilizotengenezwa na Hollis wa Birmingham, pauni sita kila moja. Kwa watu wa Momba au Mkwajuni hakuna haja ya maelezo marefu: yalikuwa magobole. Mtutu mtupu usio na mikunjo ndani, baruti inashindiliwa mdomoni, risasi inafuata. Tofauti ni ukubwa. Ziliitwa bunduki za namba nne, kwa sababu risasi zake nne tu zilifikisha ratili moja. Kila risasi ilikuwa na gramu 113 hivi, na ukiweka nne kwenye mzani unapata uzito wa mpira wa miguu. Bunduki yenyewe ilikuwa na kilo tano na ushee.

Mwaka 1872 alikwenda nazo kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme alimtazama akacheka. Alimwona ni mtoto tu. Lakini mwishowe akamruhusu, labda kwa kuamini kwamba tembo wenyewe watamaliza maneno.

Hawakummaliza. Katika misimu mitatu Selous aliua tembo 78 kwa yale magobole, na aliwinda kwa miguu, kwa sababu kwenye pori la mbung'o farasi haishi. Mwalimu wake alikuwa Mkhoi mmoja aliyeitwa Cigar, mwindaji mzoefu ambaye historia imempa mistari michache tu, ingawa bila yeye huyu kijana wa London asingejua hata pa kuanzia. Baruti aliibeba kwenye mfuko wa ngozi, ikiwa haijapimwa. Tembo akikimbia, mkono unaingia mfukoni, unachota, unamimina mtutuni, unashindilia, unakimbia tena.

Teke la bunduki hiyo si mchezo. Siku moja ilikataa kulia. Mbeba bunduki wake, bila kujua kwamba shehena ya kwanza bado imo ndani, akashindilia nyingine juu yake. Selous alipovuta kifyatulio, kitako kilimwinua na kumbwaga chini, bunduki ikaruka nyuma yake na shavu likachanika. Lile kovu alizeeka nalo. Na jeraha ambalo halikuonekana lilikuwa baya zaidi. Baadaye aliandika kwamba yale mateke yalimharibia mishipa ya fahamu, yakamfanya ashtuke kila anapotaka kufyatua, na akajuta kwamba aliwahi kuzigusa. Wanaodhani jina lake lilijengwa na shabaha watashangaa: kwa ulengaji hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa na pumzi, miguu na moyo wa kusogea karibu.

Ndipo ikaja bunduki ya George Gibbs wa Bristol.

Hii ilikuwa kitu kingine. Mtambo wake ulibuniwa na Mskoti John Farquharson na kusajiliwa mwaka 1872. Mtutu wake ulikuwa wa mtindo wa William Metford, wenye mikunjo myepesi ndani inayoizungusha risasi. Tundu la mtutu halikufika nusu inchi. Ilibeba risasi moja tu kwa wakati: unashusha wenzo chini ya kifyatulio, unaweka, unafunga, unapiga. Ilikuwa nyepesi begani na haikumtikisa. Kwa mtu aliyekuwa akiogopa bunduki yake mwenyewe kuliko anavyomwogopa tembo, hiyo ilikuwa kama kuzaliwa upya. Miaka ya 1880 aliitumia kwa kila kitu, kuanzia swala wa chakula hadi wanyama wakubwa, na majangili ya siku hizo, maana ndivyo yalivyokuwa hata kama hayakuitwa hivyo, yakaanza kuiga.

Sasa turudi Monze. Julai 1888 Selous, wakati huo ana miaka 36, alivuka Zambezi kwenda kaskazini na kuingia nchi ya Waila, karibu na mto Kafue. Usiku kambi yake ikavamiwa. Watu wake 12 waliuawa na waliobaki wakatawanyika gizani. Yeye alitumbukia kwenye nyasi ndefu akiwa na ile bunduki aliyoipenda na risasi nne. Hesabu hiyo aliijua vizuri: risasi nne kwa safari ya wiki kadhaa.

Alitembea usiku, mchana akajificha. Baridi na njaa vikamsukuma aingie kijiji kimoja kuomba moto. Alikaa karibu na moto, bunduki iko ubavuni. Ilitosha kugeuka kidogo. Alipopapasa hakuikuta, na mwenye nia mbaya alikuwa tayari gizani. Selous akarudi kwenye nyasi kwa mbio, mikono mitupu. Aliyekuwa ameua tembo kwa makumi sasa alikuwa mtu wa kawaida kabisa, anayeogopa simba na binadamu vilevile. Monze alimpa chakula akamshauri asikae. Akaondoka, akawakuta baadhi ya watu wake walionusurika, na akafika Zambezi akiwa hai.

Waila wana upande wao wa hadithi hii, na haki yao ni kwamba mgeni mwenye bunduki kwenye nchi yako si lazima awe rafiki. Miaka miwili baadaye jambo hilo lilithibitika. Mwaka 1890 Selous ndiye aliyeongoza njia ya msafara wa kampuni ya Cecil Rhodes kuingia nchi ya Washona, pale ilipojengwa Salisbury, Harare ya leo. Njia alizojifunza akifuata nyayo za tembo zikawa njia za wakoloni. Mwaka 1893 alikuwa upande wa kampuni katika vita dhidi ya Lobengula, mfalme yule yule aliyemcheka na kumruhusu. Lobengula alipoteza ufalme, na mwaka uliofuata akafa. Katika maisha ya Selous hakuna ukurasa unaonuka kama huu, hata wanaomsifu huupita haraka.

Alirudi Uingereza, akaoa, akajenga nyumba Worplesdon na pembeni yake makumbusho ya nyara zake. Alicheza kriketi, na hata alipokaribia miaka 60 alikuwa akipiga baiskeli safari ambazo vijana wangezikwepa. Mwaka 1909 alimsaidia Theodore Roosevelt, rais aliyekuwa ametoka tu Ikulu ya Marekani, kupanga safari yake ya kuwinda Afrika Mashariki. Roosevelt naye alikuwa na yake ya moyoni: bunduki ya Winchester aliyoiona kuwa dawa ya simba. Wawindaji wote wako hivyo. Mtu anakuwa na kabati zima la bunduki, lakini roho iko kwenye moja.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 Selous alikuwa na miaka 62. Jeshi likamwambia ni mzee. Akang'ang'ania hadi mwaka 1915 wakamchukua katika Kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichokuwa na mchanganyiko wa wawindaji na wazururaji wa kila aina. Alishuka Mombasa, mwezi Juni mwaka huo akawa kwenye shambulio la Bukoba, akapanda hadi kapteni na mwaka 1916 akapewa nishani ya DSO. Askari vijana walikuwa wakianguka kwa malaria na kuhara, mzee yuko mbele anatembea.

Januari 4, 1917, siku nne tu baada ya kutimiza miaka 65, kikosi chake kilikutana na Wajerumani na askari wao Beho Beho, kaskazini mwa mto Rufiji. Mdunguaji alimpata kichwani. Alizikwa palepale, na kaburi lipo hadi leo.

Vita hiyo haikuishia Rufiji. Novemba 1918, jeshi la Lettow-Vorbeck lilishuka hadi huku, likaishambulia ngome ya Waingereza ya Fife, jirani na Tunduma na Nakonde ya leo, kabla ya kuingia ndani ya Zambia na kupata habari kwamba vita imekwisha.

Waingereza walipolitwaa koloni, walilipa pori jina la Selous mwaka 1922. Mtu aliyehesabu tembo kwa meno yao akawa jina la mahali pa kuwalinda. Miaka ya 1970 pori hilo na maeneo yanayolizunguka yalikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Sensa ya mwaka 2013 ilikuta 13,000 hivi, na bunduki za majangili ndizo zilizofanya kazi hiyo. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na Beho Beho imo humo.

Selous aliacha mtoto wa kiume aliyeitwa Frederick kama yeye, rubani wa jeshi la anga la Uingereza. Naye aliuawa vitani, Ulaya, Januari 4, 1918. Mwaka mmoja kamili baada ya baba.