Daktari Atiman wa Karema

Watu wa Ufipa wapatwapo na ugonjwa mzito, wengi huja Sumbawanga mjini katika Hospitali ya Dr. Atiman. Si ajabu kukuta waamini wanaodhani kwamba jina hilo ni la Mzungu fulani aliyetoa fedha za kujengea. Sivyo. Ni jina la Mwafrika aliyepata kuwa mtumwa.

Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto alinyakuliwa na wezi wa watu, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadre Weupe wakamkomboa kwa fedha huko Algeria. Basi mtu huyu, kabla hajajua herufi moja, alikuwa amekwisha kujua kwamba uhai wake haukuwa kazi ya mikono yake mwenyewe.

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la mapadre hao mwaka 1868, aliona jinsi wamisionari walivyokufa kwa homa. Akakusudia vijana Waafrika waliokombolewa wafundishwe uganga katika kisiwa cha Malta, kisha warudi Afrika wakiwa matabibu na makatekista pamoja. Atiman alisoma huko tangu mwaka 1881 hata 1888. Mwaka uliofuata, baada ya safari ndefu kutoka pwani, alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, chini ya nyanda za juu za Ufipa. Akaoa huko, na mwana wake Yosefu akawa padre.

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, malale yaliingia pwani za ziwa na kuua watu wengi mno. Dawa za wakati ule zilikuwa za sumu ya aseniki; baadhi ya wagonjwa zilisaidia kidogo, wengine ziliwapofusha. Elimu yote ya Malta ilikuwa imefika ukingoni. Kwa mtu ategemeaye akili yake peke yake, kazi ingeishia hapo. Lakini Atiman alikuwa katekista pia, na katekista asiyeweza kuponya bado ana la kufanya kitandani pa mgonjwa: kumfundisha, kusali naye, kumtayarisha kwa ubatizo na kwa kifo chema. Twaona kwamba Kardinali alifanya busara kutozitenga kazi hizo mbili.

Wala mtu asidhani kwamba tabibu huyu aliidharau elimu. Alipasua, alifunga vidonda, alitoa dawa, hata uzeeni. Siku hizi wako wanaotupa vidonge kwa jina la maombi. Hao wasimtaje Atiman kuwa shahidi wao. Wasimtaje pia wale ambao wakiugua hukimbilia ramli, ingawa mji wenyewe wa Sumbawanga jina lake hufasiriwa kuwa ni kutupa uchawi.

Alikufa Karema mwaka 1956, akiwa amehudumu hapo miaka 67. Karema sasa iko katika Mkoa wa Katavi, na makao ya askofu yalihamia Sumbawanga mwaka 1969. Kaburi lake li huko huko kando ya ziwa. Kwao, mtoni Niger, hakurudi tena.