Dakta Kitasato, Aliyeifichua Siri ya Pepopunda

Mkulima wa Njoro au Molo akichomwa mguu na uma wa samadi, tabibu humwuliza alichanjwa lini mara ya mwisho. Chanzo cha swali hilo ni kazi ya Mjapani mmoja, Dakta Shibasaburo Kitasato.

Alizaliwa mwaka 1853 huko Oguni, katika kisiwa cha Kyushu. Alihitimu udaktari Tokyo mwaka 1883, kisha akapelekwa Berlin kwa Robert Koch, yule yule aliyefika visiwa vya Ssese, Uganda, mwaka 1906 kuchunguza malale.

Wakati huo ilikwisha julikana kwamba udongo ukiingia kidondani waweza kuleta pepopunda, lakini kijidudu chake kiliwashinda wataalamu kukitenga na vingine. Kitasato akaupasha usaha moto hadi digrii 80. Vijidudu vingine vikafa. Vya pepopunda, vikiwa ndani ya maganda yao magumu, vikasalimika. Akavikuza pasipo hewa, katika gesi ya haidrojeni. Huo ulikuwa mwaka 1889.

Kijidudu kisichopenda hewa! Basi si ajabu tundu jembamba la msumari wa zizini likawa na hatari kuliko mkwaruzo mpana. Ndiyo maana kidonda kichafu huoshwa kwa maji mengi na sabuni, nyama iliyokufa huondolewa, wala hakishonwi haraka. Kukipaka mavi ya ng'ombe ni kumfungulia adui mlango.

Mwaka 1890 yeye na Emil von Behring walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda humkinga mnyama mwingine. Nishani ya Nobel ya mwaka 1901 alipewa Behring peke yake, kwa kazi ya dondakoo. Kwa maoni yangu Mjapani alipunjwa. Katika vita vya 1914 askari waliojeruhiwa walidungwa dawa iliyotokana na damu ya farasi, mnyama ambaye kinyesi chake hubeba vijidudu hivyo hivyo. Chanjo yenyewe ilikuja miaka ya 1920. Siku hizi mwenye kidonda kichafu huongezwa sindano ikiwa ya mwisho imepita miaka 5. Asiyekamilisha chanjo hupewa pia kinga iliyo tayari, kwani mwili wake hauwezi kuitengeneza upesi.

Kitasato alirudi kwao mwaka 1892 akafungua taasisi ya utafiti. Alifariki Juni 1931, miezi mitano kabla ya Lord Delamere, yule mlowezi wa Njoro. Tangu mwaka 2024 sura yake imo katika noti ya yen 1,000.