Tingatinga Alikuwa Mtu

Jumamosi iliyopita nilikuwa katika soko la Kariokor, jirani na mtaa wa Ziwani, nikimtafutia mgeni zawadi. Kijana mwuza picha alinionyesha chui mwenye rangi za kung'aa, akanieleza kwamba hilo ni tingatinga. Nilipomwuliza Tingatinga alikuwa nani, alicheka. Kwake, kama kwa wanafunzi wangu wengi waliolelewa Bahati, Jericho na Makongeni, tingatinga ni mtambo tu. Wazazi wao wataukumbuka ule uliobomoa vibanda vya Muoroto mwaka wa 1990.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka wa 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanganyika. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, alikotumika nyumbani kwa Mwingereza na baadaye akachuuza mboga na matunda. Mnamo 1968, akiwa mtu mzima wa miaka 36, alianza kuchora. Alitumia vipande vya ubao wa dari, yapata futi mbili kwa mbili, na rangi ya kupakia baiskeli. Picha ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay.

Hakuacha nadharia yoyote ya maandishi. Maoni yake kuhusu nafsi na sanaa yamo katika ubao wenyewe: aghalabu mnyama mmoja katikati, nyuma yake rangi tupu, hapana kivuli, na pembeni jina la mchoraji. Jina hilo ndilo linalonishughulisha. Kuna wataalamu waliotafuta asili ya picha zake katika michoro ya kutani ya Wamakua, watu wa mama yake. Sikatai kwamba msanii hubeba ya kwao. Hata hivyo, atiaye jina lake kwenye kazi haisemei kabila. Anasema kwamba yeye, mchuuzi wa jana, ndiye aliyemwona chui huyu hivi.

Ajabu ni kuwa mtu huyohuyo hakuufanya ujuzi wake siri. Aliwakusanya ndugu na jamaa akawafundisha, miongoni mwao Simon Mpata, ambaye baadaye alikuja kuchorea hapa Kenya. Mwaka wa 1972 polisi wa Dar es Salaam walimpiga risasi wakimdhania mwizi, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka wa 1990 wakaunda chama cha ushirika chenye jina lake.

Tangu hapo jina limetoroka ngeli ya A-WA likaingia LI-YA: watu hununua matingatinga. Mwanaisimu hufurahia uhamaji wa namna hiyo. Mimi, nakiri, haukunifurahisha pale sokoni, kwa maana chui wangu hakuwa na jina lolote pembeni. Nilimwuliza kijana ni nani aliyemchora. Alijua tu kwamba ni mtu wa Shauri Moyo anayelipwa kwa kila ubao, na kwamba wanunuzi hawajapata kumwuliza. Nililipa. Ameahidi kuniulizia jina hilo, nami nitarudi Jumamosi ijayo.