MOHAMED AMIN, MPIGA PICHA

Katika nyumba nyingi za pwani yetu kuna picha ukutani. Ingia nyumba ya Kilwa Kivinje au ya Lindi mjini. Utaona picha ya babu amevaa kanzu na kofia. Utaona picha ya bibi arusi, au ya kijana amesimama karibu na baiskeli, ambayo pengine si yake. Picha hizo zilipigwa na mafundi wa studio, au na wapiga picha waliozunguka mitaani na kamera shingoni. Majina yao wengi tumeyasahau, lakini picha tunazo.

Mohamed Amin alianza na kamera ndogo kama zao, na jina lake likajulikana dunia nzima.

Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1943, mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Baba yake alitoka Bara Hindi, akafanya kazi ya uashi katika reli. Kazi ikamhamishia baba Dar es Salaam, na watoto wakaja pamoja naye. Basi Mohamed alisoma na kukua Dar es Salaam.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi alipata kamera yake ya kwanza. Ilikuwa kamera ya sanduku, jina lake Brownie, nayo ilikuwa imekwisha tumika. Kamera za namna hii zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1900. Aliyezileta ni George Eastman, mwenye kiwanda cha Kodak. Alitaka kila mtu aweze kupiga picha, si matajiri peke yao. Ya kwanza iliuzwa kwa dola 1 tu.

Ndugu msomaji, kamera ya sanduku ni kitu rahisi sana. Ni kisanduku chenye giza ndani. Mbele kuna kioo kidogo kinachopitisha mwanga. Nyuma kuna filamu. Mpiga picha hushika kisanduku kifuani au tumboni, akainamisha kichwa, akatazama katika kidirisha kidogo cha juu. Kisha hubonyeza kidude ubavuni. Tundu hufunguka na kufunga mara moja, na mwanga huchora juu ya filamu. Baadaye filamu husafishwa kwa dawa katika chumba cha giza. Kwanza kila kitu hutoka kinyume: kanzu nyeupe huonekana nyeusi, na nywele nyeusi huonekana nyeupe. Ndipo picha yenyewe hutolewa juu ya karatasi.

Kamera hiyo ilikuwa na masharti yake. Ilitaka jua kali, na jua hilo liwe nyuma ya mpiga picha. Ndiyo maana watu katika picha nyingi za zamani wamekunja nyuso, si kwa hasira. Tena ilitaka mkono uliotulia. Na filamu yake ilitoa picha 8 tu. Siku hizi mtu mwenye simu hupiga picha 50 za mbuzi mmoja, akafuta 49. Mtoto mwenye picha 8 hafanyi hivyo. Hutazama kwanza, akangoja, kisha akabonyeza. Mimi naona huko ndiko Mohamed alikojifunza kazi.

Shuleni alijiunga na chama cha wapiga picha, akajifunza kusafisha filamu mwenyewe. Alipiga picha za shule na za mashindano ya magari, akaanza kuuza picha zake kwa magazeti. Mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 20, alifungua biashara yake Dar es Salaam, akaiita Camerapix.

Mwaka uliofuata, Januari 1964, yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar. Mohamed alikuwa miongoni mwa wapiga picha wa kwanza kufika huko. Lakini kazi hiyo ina hatari zake. Mwaka 1966 alikamatwa Zanzibar, akakaa gerezani karibu mwezi mmoja. Alipotoka aliondolewa Tanzania, akahamia Nairobi na kuanza tena.

Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya, waziri wa Kenya, alipigwa risasi mjini Nairobi. Mohamed alifika upesi na kamera yake, na picha zake zikaonyesha msiba ule kwa watu wa nchi nyingi.

Si kwamba alifuata misiba tu. Alikwenda Makka akapiga picha za mahujaji, na mwaka 1978 akatoa kitabu juu ya hija. Mwaka 1984 yeye na wenzake walitoa kitabu cha picha juu ya nchi yetu Tanzania. Mwaka 1986 wakatoa kingine juu ya reli, ile ile iliyompa baba yake kazi.

Jambo lililomtangaza zaidi ni njaa ya Ethiopia. Oktoba 1984 alifika Korem, kaskazini mwa nchi hiyo, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Maelfu ya watu walikuwa wamekaa uwandani katika baridi ya alfajiri, bila chakula. Wengine walikuwa wamekwisha kufa, wamefunikwa nguo. Mohamed alipiga picha za sinema polepole, uso kwa uso, mama kwa mama. Picha zilionyeshwa Uingereza tarehe 23 Oktoba 1984, kisha katika nchi nyingi. Serikali zilikuwa na habari za njaa ile kabla ya hapo, lakini watu wa kawaida walikuwa hawajaiona kwa macho. Walipoiona, walianza kutoa fedha. Mwaka 1985 wanamuziki walifanya tamasha kubwa London na Philadelphia ili kukusanya msaada.

Juni 1991 alikuwa Addis Ababa wakati ghala la silaha lilipolipuka. Mwenzake, fundi wa sauti, alikufa. Mohamed alipoteza mkono wa kushoto. Wengi walidhani kazi yake imekwisha. Alitengenezewa mkono wa bandia, akaibeba kamera tena.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege Addis Ababa kurudi Nairobi. Watu watatu waliiteka, wakamwamuru rubani aende Australia. Rubani aliwaambia mafuta hayatoshi, wakakataa kusikia. Mafuta yakaisha juu ya bahari. Walionusurika walisimulia kwamba Mohamed alisimama, akabishana na watekaji hao. Ndege iliangukia majini karibu na ufuko wa Ngazidja, kisiwa ambacho mabaharia wa Kilwa wanakijua tangu zama za majahazi. Kulikuwa na watu 175 ndani, na 125 walikufa. Mohamed Amin alikuwa mmoja wao, naye alikuwa na umri wa miaka 53.

Picha zake zimehifadhiwa Nairobi, na mwanawe aliiendeleza Camerapix.