Jenerali Colley: Msomi wa vita aliyekwama Laing's Nek

Na Mwandishi Wetu

KATIKA jeshi la Uingereza la karne ya 19 walikuwapo maofisa wachache waliosifiwa kwa akili kama George Pomeroy Colley. Hata hivyo, anakumbukwa zaidi kwa mwezi mmoja wa mwaka 1881, alipojaribu kuifungua njia ya mlimani iliyokuwa mikononi mwa waasi wa Kikaburu kusini mwa Afrika, akapigwa mara tatu na kufia huko.

Colley alizaliwa Ireland mwaka 1835 na kusomea uofisa Sandhurst. Alitumikia katika koloni la Rasi, kisha China mwaka 1860. Aliporejea alijiunga na chuo cha maofisa waandamizi, na masomo ya miaka miwili akayamaliza katika muda usiotimia mwaka mmoja, tena kwa alama za juu kabisa. Baadaye alifundisha katika chuo hicho hicho na kuandika makala kuhusu jeshi katika kamusi elezo ya Britannica.

Katika vita vya Ashanti vya 1873 na 1874, katika nchi ambayo sasa ni Ghana, Jenerali Wolseley alimkabidhi kazi ya uchukuzi iliyokuwa imevurugika, naye akainyoosha. Baadaye alikwenda India kuwa katibu wa Lord Lytton, mwakilishi wa Malkia. Alikuwa amefanya karibu kila kazi ya jeshi, isipokuwa kuongoza mwenyewe vita.

Katikati ya mwaka 1880 aliteuliwa kuwa Gavana wa Natal na Kamishna Mkuu wa Kusini Mashariki mwa Afrika. Mzigo aliopokea ulikuwa na moto ndani yake. Uingereza ilikuwa imeitwaa Transvaal mwaka 1877 bila ridhaa ya Makaburu. Wakati ule Makaburu waliwahofia Wazulu, lakini mwaka 1879 Waingereza wenyewe walizivunja nguvu za Wazulu, na kwa kufanya hivyo wakaiondoa sababu iliyowafanya Makaburu wavumilie.

Desemba 1880 Makaburu walitangaza kurejesha jamhuri yao. Desemba 20 walikishambulia kikosi cha Waingereza kilichokuwa njiani Bronkhorstspruit na kukisambaratisha kwa dakika chache. Ngome za Pretoria, Potchefstroom, Standerton na kwingineko zikazingirwa.

Barabara ya kuziokoa ilitoka Newcastle, kaskazini mwa Natal, ikapanda safu ya Drakensberg na kupenya Laing's Nek. Neno hilo nek, kwa lugha ya Makaburu, ni shingo. Piet Joubert na watu wake walikuwa wamevuka mpaka na kuikalia, wakichimba mahandaki kwenye miteremko yake.

Colley alikuwa na askari wapatao 1,200. Wakubwa wake walikuwa wakimletea wengine, lakini ngome zilizozingirwa zilimwia kama deni, naye hakungoja. Januari 28, 1881 Kikosi cha 58 kilipandishwa mlima mchana kweupe, kwa safu zilizosongamana na makoti mekundu. Bendera za kikosi zilipeperushwa, na hiyo ikawa mara ya mwisho kwa kikosi cha Uingereza kuingia vitani na bendera zake. Makaburu, wawindaji tangu utotoni, waliwadungua kutoka mafichoni. Waliouawa walipita 80, na upande wa pili 14.

Februari 8 Colley alitoka na takriban watu 300 kuilinda barabara ya nyuma yake, akabanwa kutwa nzima kwenye kilima karibu na mto Ingogo. Usiku, katika mvua kubwa, aliponyoka na kuwaacha majeruhi uwanjani. Baadhi ya askari walizama mtoni. Waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kama 140.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. London, serikali ya Gladstone haikuitaka tena vita hii. Rais Brand wa Orange Free State alikuwa akisuluhisha, na Paul Kruger alikuwa tayari kwa tume ya uchunguzi. Serikali ilikubali, mradi Makaburu waweke silaha chini, ikamwachia Colley apange muda unaofaa wa kujibu. Colley aliandika saa 48. Kruger alikuwa mbali, Rustenburg; kwa farasi, jibu lisingeweza kufika kwa wakati.

Usiku wa Februari 26 Colley aliondoka kambini Mount Prospect na watu wapatao 600, akaupanda mlima Majuba unaoitazama Laing's Nek kutoka juu. Kwa Kizulu jina hilo ni la njiwa. Alifika kileleni kabla ya alfajiri na watu kama 400, wengine akiwa amewaweka njiani. Hakupandisha mzinga hata mmoja, wala hakuamuru mahandaki yachimbwe. Huenda aliamini kwamba Makaburu wakimwona juu yao wangeikimbia shingo ile.

Badala yake walipanda. Kundi moja lilifyatua risasi kuwafanya askari wa kileleni wainamishe vichwa, jingine likatambaa kwenye majabali na vichaka. Ofisa kijana, Ian Hamilton, alimwonya jenerali zaidi ya mara moja kuwa adui anakaribia. Mchana safu ya Waingereza ilivunjika, askari wakaporomoka mlimani wakikimbia. Colley alipigwa risasi ya kichwa akiwa na umri wa miaka 45. Waingereza 92 waliuawa. Makaburu waliokufa walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Jibu la Kruger, lililokubali mazungumzo, lilifika jenerali akiwa amekwisha kufa. Evelyn Wood, aliyeshika nafasi yake, alisaini kusitisha mapigano Machi 6, na mwezi Agosti mkataba wa Pretoria uliwarudishia Makaburu utawala wa ndani. Waafrika, waliokuwa wengi katika nchi hiyo, hawakuwa na kiti katika meza hiyo.

Colley alizikwa Mount Prospect pamoja na askari wake. Laing's Nek iliendelea kuwashinda Waingereza hata katika vita vya pili. Juni 1900 Jenerali Buller hakuishambulia uso kwa uso. Aliizunguka kwa kupitia Botha's Pass na Alleman's Nek, na Makaburu wakaihama wenyewe.