Mwalimu Nyerere: Alishambuliwa, Lakini Alitafuta Amani

Safari hii tunamkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, maana vita alivyopigana vilifika mpaka Mbarara, mji wetu wa karibu.

Alizaliwa mwaka 1922 Butiama, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alibatizwa katika Kanisa Katoliki, akasoma Makerere, akawa mwalimu wa shule. Mwaka 1961 aliiongoza Tanganyika kupata uhuru.

Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka ghafla. Tanzania ilikuwa na askari wachache upande ule. Wavamizi waliteka ardhi iliyo kaskazini ya mto Kagera, wakaua watu na kuswaga ng'ombe, na Amin akatangaza kwamba eneo hilo ni la Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alilitangazia taifa vita. Jeshi na mgambo wakawarudisha nyuma, wakavuka Mutukula, na Februari 1979 wakaingia Masaka na Mbarara. Tarehe 11 Aprili Kampala ilitekwa, Amin akakimbia.

Wapendwa, tusifiche jambo. Haki ya kujilinda haikuzuia kisasi. Mbarara hii tunakokwenda sokoni na hospitali, majengo yake mengi yalibomolewa kulipiza yaliyotendwa Kagera. Mama muuza ndizi wa Mbarara hakumtuma Amin, lakini alilipa deni lake. Tanzania nayo ilibaki na mzigo mkubwa wa gharama.

Hata hivyo Mwalimu hakutwaa ardhi ya jirani, wala hakuwafungia wageni mlango. Mwaka 1980 wakimbizi wengi wa Rwanda walipewa uraia Tanzania, na mwaka 1983 alitunukiwa nishani ya Nansen kwa kuwahudumia wakimbizi. Uzeeni alikaa na Warundi huko Arusha akiwapatanisha, mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mkataba ulitiwa sahihi Agosti 2000, yeye hakuuona.

Sisi nasi wengi tulishambuliwa bila kutazamia. Aliyesimama nasi kwenye foleni ya maji hapa Nakivale huenda ni wa kabila la waliotufukuza. Je, tutamdai deni ambalo si lake? Jioni hii, kila nyumba isome Warumi 12, kisha tuwaombee majirani kwa majina yao.

Mungu awabariki.