Robert Koch na somo la kinga milimani Usambara

Miongoni mwa wageni mashuhuri waliopanda milima ya Usambara enzi ya Wajerumani alikuwamo Dk. Robert Koch. Alifika mwaka 1898 akiwa na umri wa miaka 54, jina lake likivuma duniani kote, lakini akiandamwa na aibu ya dawa iliyoshindwa.

Koch alizaliwa Clausthal, Ujerumani, Desemba 11, 1843. Mwaka 1876 alithibitisha kuwa kimeta husababishwa na bakteria, na Machi 1882 akatangaza mjini Berlin kwamba amewapata bakteria wa kifua kikuu. Miaka minane baadaye alitoa tuberkulini, akidai kuwa ni tiba. Wagonjwa walimiminika Berlin, lakini wengi hawakupona na baadhi walizidiwa hadi kufa.

Tuberkulini haikuua bakteria. Iliamsha kinga ya mwili katika nyama iliyowazunguka, nayo nyama hiyo ikavimba na kufa. Kuigusa kinga iliyomzunguka adui, badala ya adui mwenyewe, ndiyo njia inayotumiwa leo dhidi ya baadhi ya saratani za matiti. Uvimbe huzifunga breki chembe za kinga zilizomo ndani yake; dawa ya pembrolizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa aina moja kali ya saratani hiyo, huifungua breki hiyo. Hatari ya kinga kuushambulia mwili wenyewe ingalipo, ila madaktari wa sasa wana dawa za kuituliza. Koch hakuwa nazo, na hilo liligharimu maisha ya watu.

Aliondoka Berlin swali la kinga likiwa halijapata jibu. Baada ya Afrika Kusini na India alifika Dar es Salaam mwaka 1897, kisha akapanda hadi Kwai, karibu na Lushoto. Huko Wasambaa walimweleza kwamba homa huwapata wanaposhuka tambarare, wakiumwa na mbu. Ugonjwa na mdudu waliviita kwa jina moja. Kwa watu wasio na hadubini, huo haukuwa ujuzi haba. Koch aliuandika katika ripoti zake.

Kulikuwa na jambo jingine. Watu wa milimani waliugua mara waliposhuka, ilhali wa pwani waliishi na homa hiyo miaka nenda rudi. Mwaka 1899 na 1900, huko Java na New Guinea, Koch alikuta vimelea vimejaa katika damu ya watoto, huku watu wazima wakiwa navyo kwa nadra. Kinga yao ilikuwa imenunuliwa kwa maradhi ya utotoni.

Mwaka 1905, mwaka aliotunukiwa Nobel, alirejea Usambara na kuchunguza kupe huko Amani. Mwaka uliofuata alikwenda visiwa vya Ssese, Uganda, kutibu malale kwa atoksili, dawa yenye aseniki iliyowapofusha baadhi ya wagonjwa. Alifariki dunia Baden-Baden Mei 27, 1910. Tuberkulini yake ilibaki hospitalini kama kipimo: tone dogo ndani ya ngozi ya mkono, na uvimbe unaopimwa baada ya siku mbili au tatu.